Tela Yangu Haivai Tairi la Kustaafu

Pale Karatu tairi lina maisha yake, na kila mtu anayajua. Linaanza kwenye gari la watalii, likipanda na kushuka kreta na wageni wenye kofia pana. Likianza kuisha meno linavuliwa, linawekwa kwenye tela. Likichoka huko linakwenda kwenye mkokoteni wa punda, kubeba madumu ya maji na magunia ya mahindi. Likishindwa hata na punda, linafika kwa mkata katambuga, ambaye hulipasua na kulifanya viatu vya wachungaji. Ile hatua ya kuwekwa kwenye tela ndiyo tunaiita kustaafu. "Hili lishastaafu, mama, lipeleke kwenye tela," fundi atakwambia bila aibu, huku anakaza nati.

Mimi maisha hayo niliyajua kuanzia mwisho. Kabla sijawa na viti vya kukodisha na maturubai na tela ya kuvibebea, nilikuwa mkata katambuga sokoni, mwanamke peke yangu kwenye safu ya wanaume. Nilitoka Endabash na binti yangu mgongoni, baba yake akiwa ameshashika njia yake, na sikutaka kurudi nyumbani kuhesabiwa matonge. Wanaume wa pale walinipa wiki moja. Nikakaa mpaka wengine wao wakaja kunikopa kisu.

Kila tairi lililonifikia lilikuwa limeshakufa, na kazi yangu ilikuwa kulifungua. Basi nikawa naona kilicholiua. Watu hudhani matairi yanauawa na mawe na miiba. Mengi niliyoyapasua yalikuwa yameungua kwa ndani. Ukichoma kisu ubavuni, vumbi jeusi linamwagika, mpira umesagika wenyewe kwa wenyewe kwa sababu mtu alitembea na upepo mdogo na mzigo mkubwa. Mengine kwa nje yalikuwa na meno mazuri kabisa, ila ubavu umepasukapasuka nyufa ndogo, nyuzi za ndani zimeoza kwa uzee. Hayo sikuyataka hata kwa katambuga. Mchungaji wa kutoka ng'ambo ya kreta hanunui kiatu kwa macho. Anakikunja mbele yako, na kikionyesha ufa anakirudisha mezani, na wewe unabaki na aibu yako.

Nimeanza huko ili ieleweke kwamba niliponunua matairi mapya ya tela, sikuwa nimerukwa na akili kama walivyosema.

Binti yangu ni muuguzi kwenye zahanati ya Arash. Huko huko alipata mchumba, kijana wa Kimasai mzaliwa wa pale, ambaye kazi yake iko Karatu, anaendesha gari la watalii. Kijana mzuri, mcheshi, anajua majina ya ndege kuliko ninavyojua majina ya majirani. Sikuwa na neno naye. Ila ndugu zake walipokuja kwangu kwa mazungumzo ya posa, mimi nilikaa upande wangu na jirani yangu mmoja na mzee wa kanisa, basi. Shangazi wa kijana akatutazama, akasubiri chai imiminwe, akauliza kwa Kiswahili ili nisikie vizuri: "Watu wa binti ndio hawa? Mama tu?"

Nilitabasamu, nikamwongezea sukari. Lakini lile swali lilinikwama kama mwiba wa samaki. Usiku na mchana nilikuwa najibu kichwani. Kwetu, binti anapopelekwa kwa mume, vyombo vyake ndivyo vinavyomsemea kabla hajafungua mdomo. Nikaamua kwamba siku ya kumpeleka, Arash wataiona tela inaingia na kila kitu chake kizima, tena kwa wakati, na hakuna atakayeuliza tena ametoka kwa nani. Nilimtengenezea kitanda cha mninga. Nikamtengenezea kabati la vioo, milango miwili, kwa fundi mmoja wa Mbulu ambaye nilimsumbua mpaka akawa ananiona kwa mbali anajificha. Nikanunua masufuria, cherehani, magodoro mawili manene. Vyote hivyo vilikuwa vipite msituni kwenye ukingo wa kreta, vishuke Malanja, vivuke mbuga ya Olduvai, halafu viiache barabara ya Serengeti na kushika njia ya kaskazini, ambayo ukiiita barabara unaisifia.

Kwa hiyo nikaenda dukani kutafuta matairi.

Muuzaji wa kwanza alinionyesha ya mtumba, yanang'aa kwelikweli. Nikainua pembe ya kitenge changu nikasugua ubavu, kitenge kikatoka cheusi.

"Mwanangu," nikamwambia, "hili tairi mmelipaka rangi ya viatu, linakwenda kuposa wapi?"

Akacheka, lakini akaliondoa. Nikachuchumaa kwenye mengine na tochi ya simu, nikitafuta zile tarakimu nne zilizochapwa ubavuni, zinazosema tairi limezaliwa wiki gani na mwaka gani. Vijana wa duka walisimama wananitazama kama napiga ramli. Sikujali. Tairi likikaa stoo miaka linazeeka hata kama halijagusa udongo, na mimi nilishaona ndani ya matairi ya namna hiyo. Halafu nikaangalia namba ya uzito linaoweza kubeba, na tabaka zake. Tairi la gari dogo lina ubavu laini ili abiria wastarehe. Tela haina abiria. Tela inabeba, inaburutwa, na kwenye kona inasukumwa upande, na ubavu ndio unaoumia. Nikachukua ya mzigo, ubavu mgumu, ya kubeba uzito mkubwa zaidi ya ule niliokuwa nao. Mawili ya kuvaa na moja la akiba, yote ya aina moja na umri mmoja.

Mkwe wangu mtarajiwa alikuja jioni akanikuta nayafunga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Akayazunguka, akajishika kiuno. "Mama, na hili gari lako lenyewe linavaa kandambili, halafu tela unaivalisha kiatu kipya? Tela haina injini, mama. Haya mapya tuyaweke kwenye gari, yale ya gari yastaafie kwenye tela. Karatu nzima inafanya hivyo."

"Karatu nzima ilikuwa inaniletea matairi niyapasue," nikamjibu. "Kaza nati."

Akakaza. Alikuwa anacheka, na mimi nilikuwa na hasira kidogo, ile hasira ya mtu anayejua yuko sahihi na hataki kuchekwa na mtoto mzuri. Mtaani ilienea haraka. Nikipita na tela watu wanainua mguu kuangalia viatu vyao, halafu wananiangalia mimi. Nikawapungia mkono.

Harusi ya kanisani ilifungwa Karatu. Siku ya kumpeleka Arash tulitoka asubuhi na ukungu wake, gari mbili. Mbele mkwe wangu na pikapu ya kuazima, nyuma yake tela aliyopewa kazini, imevaa matairi yaliyostaafu, imebeba vitu vya karamu: mchele, sukari, unga, kreti za soda. Ng'ombe wa kuchinja walikuwa kwa baba yake, lakini vitu hivyo vya dukani alikuwa ameahidi yeye, mbele ya wazee, kwamba mtoto wao wa mjini atavileta. Rika lake walijaa nyuma ya pikapu, wamevaa shuka zao nyekundu na miwani ya jua. Nyuma yao mimi na pikapu yangu, binti yangu kando yangu, na tela yangu imebeba maisha yake yote mapya, kabati limefungwa magodoro na blanketi kama mgonjwa.

Kabla ya kufika geti la hifadhi tulisimama. Mkwe wangu akatoa kipimo cha upepo.

"Mama, tupunguze kidogo. Huko mbele njia inatikisa sana."

"Punguza kwenye gari. Kwenye tela usiguse."

"Gari za wageni tunapunguza kote."

"Gari la wageni unapunguza ili mzungu asiumwe mgongo. Kabati haliumwi mgongo."

Binti yangu akaficha uso kwenye kanga. Mkwe akapunguza ya kwake yote, gari na tela, kama alivyozoea kazini. Nilimwambia mara moja kwamba tela iliyojaa si gari la wageni wanne, nikarudi garini. Alikuwa bwana harusi, mbele ya rika lake, na mimi sikutaka kuwa mama mkwe wa aina ile.

Nina tabia moja safarini. Kila nikisimama nashuka na kuweka kiganja kwenye tairi la tela, ubavuni, kama unavyompima mtoto homa. Vuguvugu ni kawaida. Kiganja kikikataa kukaa, tairi linaungua ndani na halitakupigia simu kukuarifu. Tulipomaliza mteremko wa Malanja nilipima yangu, yalikuwa vuguvugu. Nikaenda nikapima ya mkwe wangu, nikaondoa mkono.

"Yamepata moto," nikamwambia.

"Ni jua, mama."

Jua lenyewe lilikuwa bado limelala kwenye ukungu. Nikamwonyesha ukungu kwa kidole. Akacheka, akakuna kichwa, akaongeza upepo kidogo kwa pampu yake ndogo, tukaendelea.

Tairi lake la kwanza lilipasuka tulipokuwa tumeiacha Olduvai nyuma na kushika njia ya kaskazini. Niliona vumbi, kisha nikasikia mlio, kisha tela yake ikaanza kupunga mkia kushoto na kulia, na vijana nyuma wakashika vyuma. Hapo niseme ukweli, nilimpenda yule kijana. Hakukanyaga breki. Aliachia mafuta, akashika usukani umenyooka, akaacha ile tela ichoke yenyewe mpaka ikasimama. Dereva wengi ninaowajua wangekuwa wamelala ubavu mbugani. Nilitoka garini nikampiga bega, nikamwambia umeshika vizuri, na macho yake yakaonyesha kwamba alihitaji kuambiwa.

Wakafunga la akiba. Nalo lilikuwa limestaafu, la ukoo ule ule. Nilipoziona nyufa zake ubavuni nilijua hatufiki nalo, na halikutufikisha. Lilipasuka milima ya Gol ikiwa mbele yetu, mahali ambapo hakuna mtandao, hakuna fundi pancha, kuna mbuzi na upepo. Akiba yangu tuliijaribu, matundu ya nati hayakulingana na ya kwake. Pikapu zote mbili zilikuwa zimejaa watu na mizigo yao.

Mkwe wangu akakaa juu ya jiwe. Ucheshi wote ulikuwa umemtoka. Rika lake wakasimama pembeni wakiongea Kimaa kwa sauti ya chini. Akaniambia, bila kuniangalia, "Mama, nyie endeleeni. Vyombo vifike. Mimi nitabaki na huu mchele."

Binti yangu akanitazama. Alikuwa anajua ninachokifikiria, na alikuwa anajua kabati lile limenichukua nini. Bwana harusi anayefika kwao siku ya karamu mikono mitupu, baada ya kuahidi mbele ya wazee, hiyo itasimuliwa mpaka wajukuu. Lakini nikiongeza mzigo wake juu ya wangu na tairi langu moja likakataa, basi vimekwisha vyote, kitanda, kabati, mchele, na mimi na jibu langu. Yule shangazi angekuwa na la kusema mpaka uzeeni.

Nilienda nikachuchumaa kwenye matairi yangu. Nikaweka kiganja. Vuguvugu. Nikasoma tena ile namba ya uzito, ingawa nilikuwa naijua kwa moyo, nikahesabu magunia kwa macho. Nilikuwa nimeyanunua yana nafasi. Watu waliniuliza nafasi ya nini, kabati ni jepesi. Sasa nafasi hiyo ilikuwa imepata mwenyewe.

"Shusheni vyote," nikasema. "Vya kwangu na vya kwake. Tunapanga upya."

"Mama, kabati," binti yangu akasema.

"Kabati litakaa juu. Mchele unakaa chini."

Hapo nikawa bosi, na sikuona haya. Magunia ya mchele tukayalaza juu ya ekseli na mbele yake kidogo, kwa sababu mzigo ukikaa nyuma tela inaanza kupunga mkia kama ile tuliyoiacha. Kreti za soda katikati ya magunia. Kitanda juu yake, kabati juu ya kitanda, limelala chali, magodoro pande zote. Vijana wa rika, wenye miwani yao, walibeba kwa adabu kubwa. Mmoja akauliza kama matairi yataweza. Mkwe wangu akamjibu kabla yangu: "Hayo mapya. Nimeyakaza mwenyewe."

Nikajaza upepo mpaka kiwango kilichoandikwa ubavuni, tukaiacha tela yake na vijana wawili wa kuilinda, tukaondoka.

Sijawahi kuendesha polepole vile. Mbuzi walitupita. Kila tulipomaliza mwinuko nilisimama, nikashuka, nikapima, na sasa mkwe wangu naye alishuka kwenye pikapu yake, akaja akapima la upande wa pili. Aliinua kidole gumba juu ya mzigo, na mimi nikainua changu. Kwenye korongo moja lenye mawe alitangulia kwa miguu akinionyesha pa kupitisha gurudumu, jiwe kwa jiwe, kwa sababu njia ile aliijua tangu akichunga, na mimi nilikifuata kidole chake bila kubisha. Naomba hilo lihesabiwe, kwa sababu mimi kubisha ni kazi yangu ya pili.

Tuliingia Arash jua likiwa bado juu ya vilima. Wanawake walikuwa wameshajipanga, shanga zinang'aa, wanaimba. Baba yake mkwe wangu akaja na fimbo yake, akanisalimu, "Takwenya," nikamwitikia, "Iko," kama nilivyojifunza kwa wateja wangu wa sokoni. Akaitazama tela, ilivyojaa mpaka juu.

"Gari yetu ingine iko wapi? Ile ya vyakula?"

Njiani nilikuwa nimemwambia mkwe wangu tutasema ile nyingine tumeiacha ipumzike, mambo yaishe. Si kila kitu lazima wazee wajue. Lakini yule kijana akasimama mbele ya baba yake, mbele ya shangazi zake na rika lake, akasema kwa Kimaa, kisha akarudia kwa Kiswahili ili na mimi nisikie: "Ya kwangu imepasuka njiani. Mara mbili. Chakula chote hiki kimeletwa na mama."

Wanawake wakaanza kushusha. Shangazi yule yule alishika pembe moja ya kabati, akalivua blanketi, akapitisha kidole kwenye kioo kutoka juu mpaka chini akitafuta ufa. Alipomaliza mlango wa kwanza akaanza wa pili. Nilimwacha atafute. Nilijivuna, nasema wazi, nikaegemea tela yangu nimtazame vizuri.

Watu wakala, wakaimba, wakambariki binti yangu kwa maziwa. Asubuhi yake nilipokuwa nafunga maturubai yangu nirudi, mkwe wangu akaja. Hakuwa na miwani, wala koti la kazini, alikuwa amevaa shuka, na alikuwa anamvuta kondoo jike, mnene, mwenye mkia mzito. Ndugu zake walimfuata, na baba yake. Binti yangu akasogea karibu na sikio langu akaninong'oneza: kwao mkwe hamwiti mama mkwe wake jina lake, wala hamwiti mama tu. Humpa kondoo, na tangu hapo wanaitana wote wawili kwa jina la kondoo huyo, maisha yao yote. Jina hilo hapewi mtu baki.

Akaniwekea kamba mkononi.

"Paker," akasema.

Nikaizungusha ile kamba kiganjani. Shangazi alikuwa amesimama pale pale, ananisubiri kama wengine wote.

"Paker," nikamwitikia.

Nilirudi Karatu na tela yenye kondoo mmoja amesimama katikati, na nikaendesha polepole kuliko nilivyoendesha na kabati.